Jinsi ya kuandika sentensi ya kwanza ya hadithi kutokana na picha

Mpwa wangu yuko sekondari hapa Lamu, mwalimu kawapa picha na kuwaambia waanzishe hadithi, akanijia na karatasi haina hata neno. Tulikaa jioni nzima na hiyo kazi, nikaona niziweke hapa hatua tulizofata manake wengi wanakwama palepale.

Hatua ya 1: Picha

Kama hujapewa, piga yako. Usipige jahazi na machweo, hiyo kila mtu anayo na haikuachii cha kuuliza. Tafuta picha yenye jambo halijaisha: mlango uko wazi nusu, kamba haina wa kuishika, sahani mbili na mlaji mmoja. Alafu nenda saiba uprinti, nyeusi na nyeupe inatosha. Simu mie siikubali kabisa kwa kazi hii, unaanza kuikuza picha uhesabu mawe ya ukutani na huku meseji zinaingia.

Hatua ya 2: Andika unachokiona

Dakika tano, kwa kalamu. Vitu tu, bila sifa.

Hatua ya 3: Tafuta ambacho picha haikionyeshi

Hapa ndipo jioni ilipoishia, kwa hivo soma polepole.

Picha yetu ilikuwa hivi: punda amesimama mtaani mbele ya mlango wa nakshi, mgongoni ana magunia ya mchanga, mtu hakuna. Mpwa wangu akaanza na "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi, jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba." Huu ni ule mwanzo tunaokaririshwa kwenye insha, unaweza kuubandika juu ya picha yoyote duniani, na ndio sababu haufai. Akajaribu tena: "Punda alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nakshi." Hapa angalau punda yupo, lakini hiyo picha imeshasema yenyewe.

Nikamwambia angalia mlango. Nyumba za mji wa kale madirisha ya nje ni machache, ukipita daka (kibaraza cha mlangoni) huoni kiwanda, yaani ua wa ndani, mpaka ukate kona, sasa aliyeipiga hii picha hakuyaona ya ndani na wewe huyaoni, basi hadithi iko humo. Nani kaingia? Anataka nini? Mbona punda kaachwa na mzigo mgongoni? Hilo la mzigo ndilo lililotufungua, manake mtu anayeingia mara moja kutoa salamu hashushi mzigo, na mtu anayekaa sana hushusha. Akaandika:

"Mwenye punda aliingia asubuhi kudai pesa ya mchanga, na mpaka adhuhuri inaadhiniwa alikuwa hajatoka."

Hiyo sasa ni sentensi ya kwanza! Kuna mtu, kuna anachokitaka, na kuna kitu hakijakaa sawa.

Lakini angalia mambo haya. Usikimbilie maiti, ukimuua mtu sentensi ya kwanza itabidi kurasa zote zinazofata zibebe huo uzito na nyingi hazibebi. Usifiche mno pia, "Hakujua kwamba siku ile ingebadilisha maisha yake" haina kitu ndani, tupe deni, tupe mchanga. Alafu hesabu vitenzi vyako vya -me-. Kwenye picha kila kitu kimetulia, kwa hivo mkono wenyewe unaandika amesimama, ameshika, amekaa, na ukimaliza unakuta umeeleza picha tu. Lazima kiwepo kitenzi kimoja cha -li- kinachofanya kazi: aliingia, alikataa, alirudi. Hu- pia inafaa ukiwa unataka kuivunja desturi, "Kila Alhamisi punda wa mchanga husimama mlango huu, isipokuwa Alhamisi ile." Kuanza na -ka- ("Akaingia bila hodi") mie naipenda sana, msomaji anajiona kakuta watu barazani wameshaanza maneno, ila kwenye mtihani usiijaribu, wapo walimu wataipiga wino mwekundu.

Ukikwama kabisa anza na sauti au harufu. Picha haina hivyo viwili, kwa hivo huwezi kuirudia hata ukitaka.

Hatua ya 4: Andika tano

Tano tofauti, kila moja kwa jicho la mtu mwengine: mwenye punda, mwenye nyumba, mtoto anayechungulia juu ya dari. Chagua baadae.

Hatua ya 5: Msomee mtu ambaye hajaiona picha

Kwa sauti, na picha umeigeuza. Akisema "nzuri" andika upya. Akiuliza "alafu?" endelea na hadithi.

Sentensi ya pili iandike bila kuirudia picha. Hadithi ikimtaka punda mweupe na kwenye picha ni wa kijivu, mfanye mweupe. Mwalimu akitaka aone imetokana na picha, yale magunia ya mchanga yanatosha.