Umekimbia kwenu na unameza dawa kila siku? Fanya hivi zisikatike

Kama una presha, sukari, kifafa au pumu na sasa hivi ni mkimbizi, shika jina la dawa yako kichwani. Sio lile jina kubwa la kampuni juu ya boksi, hilo ukivuka mpaka linabadilika, shika lile dogo la chini yake, amlodipini, metformini, losartani, hilo ndo nesi wa popote analijua, na shika namba yake pia maana 5 mg sio 10 mg. Piga picha boksi na cheti umtumie ndugu, simu zinapotea njiani. Nilishaona mama anafungua kikaratasi mbele ya nesi, ndani vidonge viwili vyeupe, havina hata herufi moja, anasema tu "ni vya presha", ikabidi vipimo vyote vianze upya.

Zikianza kuisha usijipunje. Wengi wanakata kidonge nusu au wanaruka siku ili zifike mbali, nawaelewa kabisa, ila nenda kliniki zikiwa zimebaki za wiki mbili usingoje kidonge cha mwisho. Za kifafa ukiacha ghafla kinaweza kurudi kwa nguvu, za moyo kama atenololi nazo haziachwi hivihivi, na mwenye sukari aina ya kwanza asikae bila insulini hata siku moja jamani. Na presha usiseme "mbona najiskia poa", inakaa kimya huku inaharibu figo.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiganda tupa hata kama imeyeyuka. Huna friji? Chukua chungu kidogo kiweke ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uwe unaumwagia maji kila siku, chupa ya insulini ifunge kwenye plastiki uiweke ndani ya kile kidogo, funika na kitambaa kibichi, viweke kivulini penye upepo.

Siku chakula hakitoshi ni hatari kwa anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), sukari inashuka mno, ukiona mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, kama bado anaweza kumeza mpe maji ya sukari hapohapo, halafu kliniki. Muulize daktari mapema dozi iweje siku kama hizo.

Dawa ya jirani usimeze hata kama ugonjwa ni mmoja, dozi yake ilipimwa kwa mwili wake.