Turbo kubwa, joto la Mombasa

Subaru Impreza yangu ina injini ya EJ20 yenye turbo kubwa kuliko ya kiwandani, na inalala Mombasa. Joto nimelijulia kwenye mlima wa Mazeras, nyuma ya lori la kontena, AC imewashwa.

Usiiamini geji ya dashibodi. Mshale wake hutulia katikati hata maji yakipanda nyuzi kadhaa. Ukiuona unasogea, umeshachelewa. Funga geji ya joto la maji na nyingine ya joto la oili. Mimi maji nayataka kati ya nyuzi 85 na 95, oili 90 hadi 110. Oili ikigusa 120 naachia mguu na kuzima AC, lori litangulie.

Wengi hukimbilia rejeta nene ya alumini, kumbe hewa inapita pembeni mwa rejeta badala ya katikati yake. Ziba mapengo kwa sponji ngumu, na urudishe ile plastiki ya chini ya injini. Yangu niliitupa nikidhani ni uzito wa bure. Niliijutia wiki hiyo hiyo.

Kutoa hewa kwenye maji ndiko kwenye ukaidi. Injini ikiwa baridi kabisa, inua pua ya gari, legeza skrubu ya hewa kwenye rejeta, mimina kulanti (maji ya kupozea injini) polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta. Funga, washa injini, weka hita hadi mwisho. Hita ikipuliza baridi na maji yameshafika 85, bado kuna hewa ndani.

Mapovu yasipokoma, acha kumimina. Huenda gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeharibika; mwite fundi.