Somo: Kuchagua kastaneti za mbao na kuanza kuzipiga

Aliyewahi kusikia vugo, ile pembe inayogongwa kwa kijiti, harusini hapa Mombasa hatapata shida na kastaneti. Mlio wake ni ule ule mkavu, unaopenya katikati ya ngoma zote. Tofauti ni kwamba hizi ni vibao viwili vya mbao kwa kila mkono, hufungwa gumbani, vidole vinavyobaki vikapiga. Jina ni la Kihispania, limetokana na castaña, tunda ambalo umbo lake linafanana nazo.

Kununua

Sikiliza kabla hujatoa pesa. Ya mkono wa kulia huitwa hembra, yaani jike, na mlio wake ni mwembamba. Ya kushoto ni macho, dume, mlio wake mzito kidogo. Jozi yangu ya kwanza niliagiza bila kuisikia. Zote mbili zililia sawasawa, na kwa miezi mapigo yangu yalikuwa kama mtu anabisha hodi. Zile zenye mpini ni za okestra, ziache.

Ukitaka kuchongewa, mafundi wa Changamwe wanaujua mpingo, mti unaotengenezewa klarineti. Mpelekee fundi jozi ya mfano, umwoneshe ndani: vibao vikifumbwa viguse nchani, pembeni pabaki mwanya mwembamba. Hapo ndipo sauti ilipo.

Kuvaa

Uzi unazunguka gumba mara mbili, kitanzi kimoja kila upande wa kifundo. Kaza kile cha karibu na ukucha. Kibao kikishagongwa kijifungue chenyewe. Kisipojifungua, uzi umelegea.

Kupiga

Kushoto ni pigo moja, vidole vya kati na pete pamoja: *ta*. Pigo kama hilo kulia ni *pi*. Kazi kubwa ni *ria*, ya kulia: kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikikwaruza kibao kuelekea kiganjani. Sasa unganisha: ria-ta, ria-ta. Wiki ya kwanza usipige kingine, na usiharakishe. Nataka nisikie mapigo manne yaliyo sawa, hata kama ni ya kobe.

Maswali ya wanachama

*Kisauni:* Shikamoo mwalimu. Ria yangu inasikika mapigo matatu tu.

Marahaba mwanangu. Kidole cha mwisho hicho, kimezoea kubebwa na wenzake. Vua kastaneti, fanya ria juu ya meza, ukikipa hicho pigo zito kuliko vyote. Dakika tano asubuhi, tano jioni.

*Likoni:* Mimi natumia shoto. Nibadilishe?

Badilisha, kaka. Jike avaliwe mkono wenye wepesi, dume ashike mapigo upande wa pili. Ila ukijifunza kwa kutazama video, kumbuka kuwa wengi utakaowaona wamevaa kinyume chako.

*Mji wa Kale:* Dada, tangu masika yaanze zangu zimefifia sauti. Nizianike?

La, usizianike! Juani zitapasuka. Mbao imekunywa unyevu, na jasho la viganja limeongeza. Kila ukimaliza zifute kwa kitambaa kikavu, legeza uzi, zifunge katika kipande cha kanga ya pamba uziweke kabatini, mbali na dirisha la baharini. Na uzi ukiwa umelainika, nunua mwingine.