Kukutanisha darasa la udaktari baada ya miaka 15: hatua tulizopitia

Mwezi uliopita daktari mmoja aliyesoma Bugando, Mwanza, mdogo wangu kwa kazi na kwa umri, alinipigia akitaka nimwelekeze namna ya kuwakutanisha wenzake aliomaliza nao. Tuliongea jioni tatu mfululizo. Nayaandika hapa niliyomwambia, maana najua wapo wengine wenye kazi kama hiyo mikononi.

Mimi ni wa darasa lililoingia Muhimbili mwaka 2004. Wakati huo ilikuwa MUCHS, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, MUHAS, nasi tukamaliza 2009 chini ya jina hilo. Agosti 2024 tulikutana kwa siku tatu, Muhimbili kwanza, kisha Morogoro. Katika kamati nilikuwa katibu.

Hatua ya 1: Kamati

Watu watano wanatosha. Mmoja awe anaishi nje ya nchi na mmoja awe anafanya kazi mkoani, la sivyo kila kitu kitapangwa kwa macho ya Dar es Salaam. Anzeni miezi 12 kabla. Mwenyekiti msimchague kwa cheo. Chagueni anayepokea simu.

Hatua ya 2: Orodha ya majina

Tulianza kwa kufungua grupu la WhatsApp. Siku nne tu likachangamka: watu wanaongeza watu, picha za zamani, salamu usiku kucha. Tukaamini darasa limeshakusanyika. Miezi miwili baadaye nilikaa na kalamu nikahesabu, nikakuta wengi hawamo na hakuna aliyekuwa amewakumbuka. Kwa hiyo nakusihi: orodha kwanza, grupu baadaye.

Tafuta kijitabu cha mahafali yenu. Majina ya wahitimu wote yamo, na lazima yupo mmoja aliyekihifadhi pamoja na vyeti vyake. Mkikikosa, andikeni barua chuoni mjieleze. Ombeni majina tu. Namba za simu za watu chuo hakina haki ya kuzigawa, na ombi hilo litachelewesha barua yenu bure.

Ila kijitabu kinaonyesha waliomaliza, hakionyeshi mlioanza nao. Wapo waliodisko, yaani walioachishwa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza au wa pili. Wapo waliorudia mwaka wakamaliza na darasa la nyuma yetu, na wapo wa darasa la mbele yetu waliorudia wakamaliza nasi. Kamati yetu ilibishana juu ya hili vikao viwili. Mmoja alisema kuwaalika waliodisko ni kuwatonesha kidonda. Mimi nilisema kuwaacha ndiyo kukitonesha. Mwishowe tulikubaliana kwamba yeyote aliyesimama nasi kwenye meza za anatomia, tulipojifunzia mwili kwa kupasua maiti, mwaka wa kwanza ni wa darasa letu, na yeyote aliyevaa koti jeupe pamoja nasi wodini naye ni wetu. Sharti likawa moja tu: mtu wa namna hiyo asipelekewe ujumbe wa jumla, apigiwe na yule waliyekuwa meza moja. Tuliwapata wanne. Watatu walikuja. Mmoja sasa ni mwalimu wa biolojia sekondari, na mezani kwake ndiko watu walikokaa muda mrefu kuliko meza yoyote.

Kukumbuka majina yaliyopotea kuna mbinu yake. Ukimwambia mtu "nitajie wenzako wa darasa", atataja thelathini achoke. Muulize kwa vipande. Kwenye rotesheni ya watoto, yaani zile wiki za kujifunza wodi ya watoto, kundi lenu lilikuwa na nani? Ule usiku wa zamu kwenye wodi za Mwaisela, mgonjwa alipobadilika saa tisa, ulikuwa na nani? Mwaka wa kwanza ulipokosa chumba ulibebwa na nani, yaani nani alikulaza chumbani kwake? Nani alikuwa anakaa nyuma yako kwenye mihadhara ya fiziolojia? Majina yanakuja yenyewe. Tulimteua mtu mmoja kwa kila kundi la rotesheni, akapewa wiki mbili kulikamilisha kundi lake, na kwa njia hiyo tulipata majina ambayo hata baadhi yetu tuliokuwa viongozi wa darasa tulikuwa tumeyasahau.

Kila jina liwe na mstari wake kwenye daftari. Sisemi grupu, wala kumbukumbu ya kichwa. Mimi natumia jedwali la kompyuta, na nina nakala ya karatasi nyumbani. Safu zake ni hizi: jina la chuoni, jina la sasa, simu, mahali alipo, nani amempigia, tarehe, amejibu nini. Safu ya "jina la sasa" msiidharau. Dada zetu wengi wanatumia majina ya waume zao, na wapo waliobadili dini wakabadili na majina. Kumtafuta daktari kwa jina la 2004 katika hospitali anakofahamika kwa jina la 2015 ni kupoteza siku nzima. Mimi nilipoteza mbili, nikimtafuta mwenzangu niliyekuwa naye chumba kimoja, kumbe yuko wilaya ya jirani.

Kuhusu waliotangulia mbele za haki, naandika nikijua kuwa wapo watakaosoma wakiwa na majina yao wenyewe moyoni.

Nilipewa namba ya mwenzetu mmoja wa kundi letu la upasuaji. Ilikuwa namba ya zamani. Nikapiga kwa furaha, na ilipopokelewa tu nikasema, "Wewe bwana, umepotea mno!" Kimya. Kisha sauti ya msichana mdogo: "Shikamoo. Baba alifariki mwaka juzi." Sikuwa na neno la kumpa mtoto yule. Nilimwomba radhi, nikakata simu, nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali mpaka zamu yangu ikaanza. Kesho yake nilimpigia mama yake. Nilimpa pole, nikamweleza mimi ni nani na kwa nini nilipiga. Aliniambia mimi ni mtu wa kwanza wa chuoni kumtafuta tangu mazishi. Tulimwalika, akaja Jumamosi pamoja na binti yake.

Tangu hapo tuliweka utaratibu, na nakushauri uufuate neno kwa neno. Namba ambayo hakuna aliyewasiliana nayo kwa miaka miwili haipigwi kabla ya kuuliza watu wawili waliofanya kazi na mhusika. Anayepiga aanze kwa salamu na kujitambulisha, asianze kwa utani. Habari ya kifo isiandikwe kwenye grupu mpaka ithibitishwe na ndugu wa marehemu au mkuu wake wa kazi. Hili la mwisho lina sababu. Kwetu mtu mmoja aliandika kwamba fulani ametutoka, watu wakaanza kutuma rambirambi, kumbe aliyefariki ni daktari mwingine wa jina hilohilo. Mwenzetu yuko hai, na mama yake mzazi aliipata habari ile kabla yake. Tulikwenda kumwomba radhi mama huyo tukiwa watu watatu.

Familia za marehemu msiziachie tangazo la jumla. Ziulizwe kama zingependa kuja, kama zingependa jina litajwe, na kama kuna picha wangependa itumike. Familia moja ilisema haiko tayari. Tukaheshimu.

Hatua hii ilituchukua miezi mitano. Ukiona inakwenda haraka, rudi uhesabu tena.

Hatua ya 3: Tarehe

Epukeni Ramadhani, Pasaka na Desemba. Desemba wenye kwao Kilimanjaro wanapanda, na huwapati. Walio Uingereza na Marekani wanapendelea Julai na Agosti kwa sababu ya likizo za shule za watoto, ila nauli za ndege ndipo zinapopanda, kwa hiyo wapeni tarehe mapema, miezi minane angalau. Nasi tulitamani wikiendi ya Nanenane hadi mwenzetu wa Morogoro alipotukumbusha kwamba maonyesho ya kilimo ya Kanda ya Mashariki yako mjini kwao na vyumba vinajaa. Tukasogea hadi wikiendi ya tarehe 24 Agosti.

Ruhusa ni jambo la madaktari hasa. Kama hospitali moja ya mkoa ina wanadarasa watatu, na wawili wako idara moja, hawawezi kuondoka pamoja bila mtu wa kushika zamu. Tuliandika barua za kamati kwenda kwa Waganga Wafawidhi, yaani wakuu wa hospitali, miezi mitatu kabla, tukitaja majina na siku. Karibu wote walikubali, kwa sababu waliipata barua kabla rosta ya zamu haijapangwa.

Hatua ya 4: Fedha

Mchango ulikuwa shilingi 250,000 kwa mtu, awamu tano za 50,000. Fedha ikae benki, akaunti ya kikundi, saini mbili. Benki itataka katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kuwateua watia saini. Andaeni mapema, kurasa tatu zinatosha. Nitawasikia wanaosema simu ya mhazini ni rahisi zaidi. Ni rahisi mpaka mhazini asafiri. Mhazini wetu wa kwanza alipata nafasi ya masomo nje, laini ikabaki nchini, na michango ya wiki tatu ikakaa humo tusiweze kuigusa mpaka ndugu yake alipotusaidia.

Nina msimamo mkali kuhusu kutangaza majina ya waliochanga. Kwenye kamati za harusi tumezoea: fulani ametoa, fulani ahadi, fulani bado. Msilete hilo kwenye darasa. Kati yetu yupo mwenye hospitali yake na yupo ambaye ana miezi kadhaa hana ajira. Kwenye grupu iandikwe jumla peke yake. Tulikuwa na mfuko mdogo kwa wasioweza, na mhazini pekee ndiye aliyejua nani amesaidiwa. Mimi katibu sijui hadi leo, na sitaki kujua.

Hatua ya 5: Mahali

Mlale mahali pamoja. Mkikutana Dar na watu wakarudi majumbani, foleni itawala muda wa saa mbili asubuhi na mwingine wa saa mbili jioni, na mazungumzo ya usiku, ambayo ndiyo watu wameyasafiria, hayatakuwapo. Bagamoyo ni karibu na panafaa. Sisi tulichagua Morogoro kwa sababu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilikuwa imeanza kubeba abiria mwaka huohuo, na wa Dodoma walishuka nayo pia. Tiketi zinakatwa kwa jina na kitambulisho, kwa hiyo kusanyeni taarifa hizo mapema.

Hoteli: mkataba wa maandishi, idadi ya vyumba ikiwa imetajwa, na risiti ya malipo ya awali. Hoteli ya kwanza tuliyokubaliana nayo kwa mdomo ilivitoa vyumba vyetu kwa semina.

Hatua ya 6: Kurudi chuoni

Ijumaa mchana tulikutana Muhimbili. Ombeni kibali kwa barua, chuoni na hospitalini, kwa kuwa ni taasisi mbili. Wodini msiingie kwa kundi. Sewa Haji, Kibasila na Mwaisela zina wagonjwa, na mgonjwa hapaswi kuamka akute madaktari sitini wanapiga picha. Tulisimama nje ya majengo na kutembea polepole. Ndani tuliingia kwenye chumba cha anatomia tu, tukasimama kwenye meza zetu, kila mtu mezani kwake. Penye nafasi tupu tulitaja jina.

Walimu wenu waalikeni kwa kwenda kuwaona nyumbani, kadi baadaye. Wengi wamestaafu. Wapelekewe gari, wakalishwe mbele, na wasiombwe hotuba. Wakitaka kusema watasema.

Hatua ya 7: Ratiba

Iwe nyepesi. Beji ziwe na jina la chuoni na namba ya meza ya anatomia, bila Profesa, bila Bingwa, bila Mkurugenzi. MC wa kukodi hafai, maana hamjui yeyote kati yenu.

Wapo waliotaka mada za kisayansi ili wapate pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya taaluma. Tuliwapa muda wa saa mbili Jumamosi asubuhi, na mada ikawa afya ya daktari mwenyewe. Tulipimana presha na sukari. Walikuwapo wenzetu wanaowaandikia wengine dawa za presha kila siku ambao hawakuwa wamejipima kwa miaka. Wawili walianzishiwa matibabu na wenzao palepale, na mpaka leo wanafuatwa kwa simu.

Jumamosi jioni tulisoma majina ya marehemu. Binti wa mwenzetu wa upasuaji ndiye aliyewasha mshumaa wa baba yake. Baada ya hapo hatukuwa na kitu kingine kwenye ratiba, na watu walikaa nje hadi usiku wa manane.

Hatua ya 8: Wiki ya baada ya kurudi

Tuma hesabu kamili ndani ya siku saba, pamoja na salio. Tuma picha kwa ambao hawakuja, mmoja mmoja. Kisha rudi kwenye daftari usahihishe simu na mahali, kwani wakati wa chakula watu wametajana na taarifa mpya zimepatikana. Sisi tulipata saba kwa njia hiyo.

Yamebaki majina mawili yasiyo na simu. Mmoja alikuwa akirudi kwao Kigoma kwa treni kila likizo, na aliyembeba mwaka wa kwanza ndiye aliyepewa kazi ya kumtafuta. Anaondoka mwezi ujao kwenda huko kwa shughuli zake, na jina la kijiji analo.