Kupika wakati mikono inaumaka na baridi na moto

Weye mwenye maumivu ya kila siku, najua vile maji ya asubuhi mwezi wa 6 na wa 7 hapa Lubumbashi inachomaka vidole kama sindano. Basi sombe (majani ya muhogo) usioshe na maji ya bomba tu, changanya na ya moto kidogo, alafu pima na kiwiko maana vidole vyenye ganzi vinadanganya, utaungua bila kusikia. Samaki ya kongelateri hamisha mu frigo usiku, barafu iyeyuke mbele ya kuishika. Mbabula (jiko ya makaa) washa nje, makaa yenye kuwaka ndani ya nyumba inaua. Kusonga bukari (ugali) kaa ku kiti, mwiko mrefu, kitambaa kikavu! Chenye maji kinapitisha moto mbio, mie kilishanichoma. Kutelemusha chungu uachie mtoto mkubwa ao jirani, haiko haya.