Kufuatilia Programu ya Java: Kwa Nini i Haikosei na jumla Inakosea

Anayetaka kuelewa jinsi Java inavyoendesha programu, inavyotunza kumbukumbu na inavyoruhusu kazi kadhaa kwenda sambamba hahitaji programu kubwa. Mistari isiyofika ishirini inatosha, mradi aifuatilie kwa subira. Andika programu ifuatayo katika faili liitwalo Kihesabio.java:

```
public class Kihesabio {
    static int jumla = 0;

    static void ongeza() {
        for (int i = 0; i < 1_000_000; i++) {
            jumla++;
        }
    }

    public static void main(String[] args) throws Exception {
        Thread a = new Thread(Kihesabio::ongeza);
        Thread b = new Thread(Kihesabio::ongeza);
        a.start(); b.start();
        a.join(); b.join();
        System.out.println(jumla);
    }
}
```

Kuna nyuzi (thread) mbili, yaani njia mbili za utekelezaji zinazokwenda sambamba, na kila uzi unaongeza moja mara 1,000,000, kwa hiyo jibu linapaswa kuwa 2,000,000. Iendeshe mara tano au sita. Mara nyingi utapata namba pungufu, na upungufu wenyewe hubadilika kila unapoiendesha. Hata hivyo kigeu (variable) i, ambacho nacho kinaongezwa kwa alama ileile ya ++, hakikosei kamwe: kila uzi huzunguka mara 1,000,000 kamili. Ukiweza kueleza tofauti ya vigeu hivi viwili, utakuwa umeielewa sehemu kubwa ya Java.

Kutoka maandishi hadi prosesa

Toa amri `javac Kihesabio.java`. Kompaila itasoma maandishi, itakagua sarufi na aina za data, kisha itaandika faili la Kihesabio.class. Ndani yake hamna lugha ya mashine ya prosesa yako, bali mna baitikodi, yaani maagizo ya mashine ya kubuni ambayo yenyewe ni programu na huitwa JVM (Java Virtual Machine). Ndiyo maana faili hilohilo likinakiliwa kutoka Windows kwenda Linux hufanya kazi bila kukompailiwa upya, ahadi ambayo Sun Microsystems iliitangaza pamoja na lugha hii mwaka 1995. Tangu Java 11 unaweza kuandika `java Kihesabio.java` moja kwa moja, lakini njia hiyo haikuachii faili la klasi, nasi tunalihitaji hapa.

Ukitoa amri `java Kihesabio`, JVM hupakia klasi, huihakiki baitikodi kabla ya kuiamini, kisha huanza kuitekeleza agizo moja baada ya jingine. Methodi au kitanzi kinachorudiwa sana hukompailiwa papo hapo kuwa lugha ya mashine halisi wakati programu inaendelea. Ukiongeza `-XX:+PrintCompilation` utaliona jina la ongeza likitokea kwenye orodha, na alama ya % kando yake huonyesha kwamba kitanzi kimebadilishwa kikiwa bado kinazunguka. Kwa sababu hiyo, anayepima kasi ya Java kwa kuendesha kazi mara moja tu anapima muda wa kupasha moto injini, wala hapimi mwendo wa safari.

Sasa toa amri `javap -c Kihesabio` na utazame methodi ya ongeza. Agizo la i++ limekuwa neno moja, `iinc`. Agizo la jumla++ limekuwa maneno manne: `getstatic`, linaloichukua thamani, `iconst_1`, linaloleta moja, `iadd`, linalojumlisha, na `putstatic`, linalorudisha matokeo mahali pake. Kati ya kuchukua na kurudisha pana mwanya, na katika mwanya huo uzi wa pili unaweza kuichukua thamani ileile ya zamani. Nyuzi zote mbili zikichukua 41, zote zitarudisha 42, na hesabu moja itakuwa imepotea. Hata hivyo idadi ya maagizo si kiini cha tatizo. Kama jumla ingekuwa ya uzi mmoja tu, mwanya huo usingemdhuru mtu.

Staki ni ya mmoja, hipu ni ya wote

Kila uzi una staki yake, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyo yake peke yake. Methodi inapoitwa, fremu mpya huwekwa juu ya staki ikiwa na vigeu vya ndani vya methodi hiyo. Methodi inapomaliza, fremu huondolewa pamoja na vyote vilivyomo. Kigeu i kinaishi humo, na hakuna uzi mwingine unaoweza kukifikia. Kwa hiyo programu yetu ina i mbili na jumla moja.

Objekti zote zinazoundwa kwa `new` huhesabiwa kuwa ni za hipu, ambayo ni sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na nyuzi zote. Katika HotSpot, yaani JVM inayokuja na OpenJDK, toleo huria la Java, vigeu tuli kama jumla huwekwa huko pia. Kigeu cha ndani kinachoitaja objekti hubeba rejeleo tu, yaani kielekezi cha mahali objekti ilipo, wala objekti yenyewe haimo kwenye staki. Wanafunzi wengi hulichanganya jambo hili, wakadhani kwamba orodha iliyotajwa na kigeu cha ndani iko salama dhidi ya nyuzi nyingine. Iko salama pale tu ambapo rejeleo lake halijatolewa nje.

Staki ikijaa, aghalabu kwa methodi inayojiita bila kikomo, programu hukatika kwa `StackOverflowError`. Kosa hili husomeka kwa urahisi kwa sababu jina la methodi hujirudia ukurasa mzima. Hipu ikijaa, hutokea `OutOfMemoryError`, nalo lina hila zaidi, kwani mstari unaotajwa ni ule ulioomba nafasi ya mwisho, ambao huenda hauna hatia yoyote.

Jaribu mwenyewe. Tengeneza orodha tuli, kisha katika kitanzi kisicho na mwisho iongezee `new byte[10_000]`. Endesha kwa `-Xmx64m -Xlog:gc`: la kwanza huweka kikomo cha hipu, la pili huchapisha taarifa za uzoaji taka. Kabla ya mizunguko 7,000 programu itaanguka, kwa kuwa megabaiti 64 haziwezi kubeba safu zaidi ya hizo. Sasa ondoa orodha, uache safu ziundwe bila kuhifadhiwa popote, na programu itazunguka hadi uizime mwenyewe. Katika taarifa zinazochapishwa utaona vipande kama `38M->2M(64M)`: hipu ilikuwa na megabaiti 38, kizoa taka kikapita, zikabaki 2, na ukubwa wa hipu kwa wakati huo ni 64.

Kizoa taka huanzia kwenye mizizi, yaani staki za nyuzi zilizo hai na vigeu tuli, hufuata marejeleo yote, na kila objekti isiyofikika huhesabiwa kuwa taka. Hakijui kama utaihitaji objekti tena. Orodha tuli iliyosahaulika inatosha kuzishikilia objekti maelfu ambazo hakuna anayezisoma, na huo ndio uvujaji wa kumbukumbu katika Java. Nimewahi kuongeza `-Xmx` mara mbili katika programu ya namna hiyo, na faida pekee niliyoipata ni kwamba ilianguka usiku badala ya mchana. Dawa ni kuweka `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` tangu mwanzo, ili JVM iandike picha ya hipu wakati wa kuanguka, nawe uchunguze ni nani anayeshikilia nini.

Kuirekebisha jumla

Wengi hukimbilia kuandika `volatile`. Neno hilo linahakikisha kwamba uzi unaosoma unaona thamani ya karibuni iliyoandikwa, lakini halizibi mwanya kati ya kuchukua na kurudisha. Jaribu, na namba itaendelea kuwa pungufu.

Ukiliweka jumla++ ndani ya `synchronized (Kihesabio.class)`, utapata 2,000,000 kila mara, kwa sababu uzi mmoja tu ndio huishika kufuli kwa wakati mmoja. Sharti ni kwamba kila msomaji na kila mwandishi wa kigeu hicho atumie kufuli hilohilo. `AtomicInteger`, klasi ya Java inayoongeza namba kwa hatua moja isiyogawanyika, nayo inafaa, na kwa kihesabio kitupu hutosheleza bila kufuli. Lakini mimi hupendelea njia ya tatu: uzi uhesabu katika kigeu chake cha ndani, kisha uongeze matokeo kwenye jumla mara moja mwishoni, chini ya kufuli. Hapo kazi mara 1,000,000 imehamia kwenye staki, na ugomvi umebaki wa mara mbili tu.

Makufuli yakiwa mawili, huja hatari ya mkwamo: uzi wa kwanza umeshika la kwanza unangoja la pili, na uzi wa pili kinyume chake. Programu haianguki, inanyamaza. Tafuta namba yake kwa `jcmd -l`, kisha toa amri `jcmd` ikifuatwa na namba hiyo na `Thread.print`, JVM yenyewe itazitaja nyuzi zilizokwama na makufuli zinayoyangojea. Kinga ni kuyashika makufuli kwa mpangilio mmoja katika programu nzima.

Kwa kazi nyingi za kungoja, kama vile maombi ya mtandao na hifadhidata, Java 21 ya mwaka 2023 ilileta nyuzi pepe. Uzi wa kawaida hutegemea uzi wa mfumo endeshi na hutengewa staki yake, ambayo kwenye Linux ya biti 64 ina kikomo cha kawaida cha megabaiti 1. Uzi pepe unapongoja, fremu zake huhifadhiwa kama objekti ndani ya hipu, ndiyo maana unaweza kuwa nazo mamia ya maelfu kupitia `Executors.newVirtualThreadPerTaskExecutor()`. Kwa hesabu nzito haziongezi kitu, kwa kuwa viini vya prosesa ni vilevile. Unapozitumia, kumbuka kuihesabu nafasi hiyo unapopanga `-Xmx`, na badala ya `Thread.print`, ambayo haiziorodheshi, tumia `Thread.dump_to_file`.