Jinsi ya kukagua gari ya spoti ya milango miwili kabla haijakuteka

Uzuri wa hizi gari unajionyesha wenyewe ndani ya dakika tano, udhaifu ndio lazima uutafute, kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto omba urudi siku nyingine. Sisemi hivyo kwa ubishi, injini ikishapata moto inaficha mengi, mlio wa cheni, moshi wa bluu wa oili, kutetemeka, vyote vinaweza kutokea pale tu unapowasha halafu vinapotea kabisa.

Kabla ya kwenda jua ugonjwa wa injini hiyo maana karibu kila moja ina wake. BMW M3 ya V8 lita 4.0, ile iliyoanza 2007, inasifika kwa kupanda mpaka mizunguko zaidi ya 8,000 kwa dakika na kwangu ni moja ya injini tamu sana, ila beringi zake za konektingi rodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zinakwisha mapema. Porsche 911 za kizazi cha 996 nyingi zina beringi ya shafti ya kati ambayo ikivunjika injini nzima inakufa. Sasa watu wanakimbilia gari ambayo injini "haijafunguliwa kabisa", mimi naona ni kinyume, iliyokwisha tibiwa ugonjwa wake na risiti zipo ndo ya kuchukua.

Kwenye kuendesha usianze na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Hospawa hazikupi jibu, BMW M4 Competition mpya ina zaidi ya 500 na huwezi kuzimaliza barabarani hata ukitaka. Anza taratibu, kwenye foleni kama ipo, usikie gia boksi inavyoshika, hasa zile za klachi mbili, ikishtuka-shtuka kwenye gia ya kwanza na ya pili hiyo ni gharama ya kuhesabu. Kisha pita barabara mbovu kidogo, shokapu zilizochoka na bushi zilizokufa zitakwambia zenyewe. Usukani je, unahisi tairi inachofanya au unazungusha tu hewa? Mlio pia shusha kioo usikilize nje, maana gari nyingi siku hizi zinaongezea sauti ya injini kupitia spika za ndani.

Tairi zisome vizuri. Zile namba nne za mwisho za kodi ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka ilipotengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Pitisha mkono upande wa ndani wa tairi, huko ndiko tairi za hizi gari hulika zaidi na kwa nje huoni kitu. Mtu aliyefunga tairi za bei chee kwenye gari ya namna hii, niamini, na oili alibana hivyo hivyo.

Siti za nyuma kaa mwenyewe, usiulize. Milango yake ni mirefu, jaribu kutoka ukiwa umepaki katikati ya gari mbili.

Mkirudi iache iungurume kidogo, zima, subiri kama dakika kumi halafu chuchumaa uangalie chini na unuse. Harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanavuja, harufu ya kuungua mara nyingi ni oili imedondokea egzosi, na vyote viwili peleka kwa fundi wako wewe, siyo wa muuzaji.